"Adenda ni Barua Tu": Dhana Inayowatoa Makandarasi Wetu Kwenye Zabuni

Wiki hii nimeisikia tena. Mkandarasi kaingia ofisini kwangu na jalada kwapani, kahamaki: "Mkadiriaji, bei yangu ilikuwa chini kuliko wote, wameniengua kwa fitina. Adenda niliiona, lakini si ilikuwa barua tu ya taarifa?"

Si barua tu! Adenda ni waraka unaorekebisha nyaraka za zabuni; ikitolewa kabla ya zabuni kufungwa inakuwa sehemu ya nyaraka hizo, na ukurasa wa zamani unaopingana nayo hauna kazi tena.

Nikafungua BOQ yake, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei. Ilikuwa kazi ya madarasa upande wa Buhongwa, Mwanza. Kwenye msingi alikuwa na mita za ujazo 180 za udongo wa kawaida na 30 za mwamba. Adenda Na. 2 ilikwishabadilisha: udongo 70, mwamba 140. Jumla ya uchimbaji ni ileile, 210, kwa hiyo aliyeipitia juujuu hakushtuka. Lakini udongo ameuwekea shilingi 8,000 kwa mita ya ujazo, mwamba 90,000. Kwa vipimo vya zamani anachimba kwa 4,140,000. Kwa vipimo vipya ni 13,160,000. Hiyo bei ya chini anayoililia ina pengo la shilingi 9,020,000. Na huu ni mwamba wa Mwanza. Aliyewahi kuchimba shimo la choo Mabatini anaujua: sururu inadunda, unakodi kompresa, au unawasha kuni juu ya jiwe mpaka lipasuke ndipo nyundo ifuate.

"Si wangenirekebishia hesabu?" Hapana. Kamati ya tathmini husahihisha makosa ya kuzidisha na kujumlisha. Haiwezi kukupangia bei ya mita za ujazo 110 za mwamba ambazo hukuziweka. Ingefanya hivyo, wenzako waliosoma adenda wangekuwa na haki ya kulalamika.

Tatizo huanza siku ya kwanza. Mtu anapakua nyaraka, anachapisha, anamkabidhi anayemjazia bei, kisha hazitazami tena. Kwa zabuni za serikali nasisitiza: ingia NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, kila siku, pamoja na asubuhi ya siku ya kufunga. Usitegemee barua pepe ya kampuni ambayo nywila yake anayo kijana aliyeacha kazi mwaka jana. Adenda ikitoka, chukua kalamu nyekundu, piga mstari wa mshazari kwenye ukurasa uliofutwa, andika namba ya adenda na tarehe, kisha bana ukurasa mpya juu yake. Wateja wangu wananiona msumbufu kwa hili, na sitaacha. Tazama pia kama tarehe ya kufunga imesogezwa. Ikisogea, hakikisha dhamana ya zabuni kutoka benki bado inafika tarehe inayotakiwa.

Wapo wanaosema, "Acha nishinde kwanza, mwamba nitaudai kwenye variesheni." Variesheni, yaani badiliko la kazi linaloweza kubadili malipo, ni ya mabadiliko yanayotokea baada ya mkataba. Jambo uliloarifiwa kwa adenda kabla hujaweka bei si mabadiliko.

Wengine hawaulizi maswali wakiogopa kuchukiwa au kumfumbua macho mshindani. Jibu hutumwa kwa wazabuni wote bila kumtaja aliyeuliza, na swali lako moja linaweza kuzaa adenda itakayokuokoa. Uliza mapema, kwa maandishi.

"Injinia alituambia palepale saiti." Alichosema mdomoni siku ya kutembelea eneo hakibadilishi nyaraka mpaka kitoke kwa maandishi. Omba kiandikwe.

"Nikishatuma, nimejifunga." Kabla ya muda wa kufunga unaweza kuiondoa zabuni yako na kuleta nyingine. Ukishapita, huna ruhusa ya kubadili bei, na ukijitoa wakati zabuni bado ni hai unaweza kuipoteza dhamana.

Na ile ya kuacha kipengele cha BOQ bila bei, ukitumaini mtaelewana mbele ya safari: kipengele kisicho na bei huhesabiwa kuwa gharama yake imo ndani ya bei zako nyingine. Utakifanya, na hakuna atakayekulipa.