MeSH ni nini, na inakusaidiaje kutafuta makala za tiba

MeSH (Medical Subject Headings) ni orodha rasmi ya istilahi za tiba inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoko Bethesda, Maryland. Ilianza mwaka 1960, enzi za faharasa za karatasi. Leo ndiyo inayopanga makala za MEDLINE, kanzidata ambayo wengi wetu tunaifikia bure kupitia PubMed, tovuti ya maktaba hiyo ya kutafutia makala.

Kazi yake ni kuweka chini ya jina moja mambo yaleyale yanayoandikwa kwa majina mengi. Chukua kifafa cha mimba na hali inayokitangulia. Mwandishi mmoja huiita hali hiyo "preeclampsia", mwingine "pre-eclampsia", na makala za zamani zimejaa "toxemia of pregnancy". Ukishikilia neno moja, unawapata waliolitumia na kuwakosa wengine. Lakini makala ikishapewa istilahi ya "Pre-Eclampsia", utaipata hata kama mwandishi alitumia jina jingine.

Istilahi hizi zimepangwa kiukoo. "Hypertension, Pregnancy-Induced", yaani presha inayoletwa na mimba, ni mzazi wa "Pre-Eclampsia" na "Eclampsia", yaani kifafa cha mimba chenyewe. Ukitafuta kwa istilahi ya mzazi, PubMed inakuletea na watoto wake bila kuombwa.

Hata ukiandika maneno ya kawaida, PubMed hujaribu kuyalinganisha na MeSH. Andika "heart attack", nayo itaongeza yenyewe "Myocardial Infarction", jina la kitaalamu la shambulio la moyo. Msaada huo huzimika ukifunga maneno kwa alama za nukuu au ukimalizia neno kwa nyota, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopoteza makala bila kujua. Fungua ukurasa wa Advanced, usome jinsi ombi lako lilivyoeleweka. Binafsi naona hiyo ndiyo tabia ya kwanza ya kujifunza, kabla ya mbinu nyingine yoyote.

Ila usitegemee MeSH peke yake. Makala ambazo ziko PubMed lakini nje ya MEDLINE hazina istilahi hizo, na majarida mengi ya Afrika hayamo MEDLINE. Anayetafuta kwa MeSH tu anaweza kufunga mlango kwa tafiti zilizofanywa kwenye wodi zinazofanana na zake. Hilo linaniuma, kwa sababu ndizo anazozihitaji zaidi.

Kwa hiyo tumia vyote viwili. Tuseme unataka kujua kama magnesium sulfate huzuia kifafa cha mimba. Mstari wa kwanza uwe wa ugonjwa: istilahi ya MeSH pamoja na tahajia zote za kawaida, zikiunganishwa kwa OR (yaani "au"), ili lolote kati yake litoshe. Wa pili uwe wa dawa, ukiwa na "sulfate" na "sulphate". Kisha unganisha mistari hiyo miwili kwa AND (yaani "na"), ili makala iwe na vyote viwili.

NOT, neno la kuondoa makala zenye neno fulani, iogope. Ukitaka "pre-eclampsia" tu, ukaandika NOT eclampsia, unatupa kila makala inayotaja yote mawili. Mojawapo ni utafiti wa Magpie, uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2002. Ulihusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ukaonyesha kwamba magnesium sulfate inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu.