Kopo lenye namba kwenye kitako

Kazi yangu ni kuchambua taka za majumbani. Tunatandika turubai, tunavaa glavu, tunamwaga taka za wiki nzima na kuzitenga fungu kwa fungu. Katika mitaa ya Dar es Salaam, fungu zito kuliko yote huwa ni la jikoni: maganda ya ndizi na viazi, vifuu vya nazi, ugali uliolala. Linaloniuma mimi ni fungu jepesi: vile vifuko vyembamba, vyeupe, visivyo na mishikio, ambavyo dukani hufungiwa robo ya sukari, nusu ya maharage na mafuta ya kupima.

Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Vifungashio vya chakula viliachwa nje ya marufuku hiyo, na kwa sababu ya maana, maana maziwa au mkate usio na kinga huharibika. Ila kifuko chembamba kilipitia mlango huohuo, kikaendelea kubebea kila kitu. Familia inayonunua mahitaji kwa siku ikirudi na vifuko vitatu tu, kwa mwaka ni zaidi ya 1,000.

Tena havina mwokotaji. Waokota makopo huuza kwa kilo. Chupa ya maji ina uzito wa kumfanya mtu ainame. Kifuko hakina, na kikishalowa mafuta hata mnunuzi wa plastiki hakitaki. Basi kinaishia mtaroni, au dampo la Pugu Kinyamwezi, au kwenye jiko la mkaa kama cha kuwashia moto. Hilo la mwisho nawasihi mliache leo hii. Moshi wa plastiki una sumu, na anayeuvuta ni aliyeinamia jiko pamoja na mtoto aliyembeba mgongoni.

Simlaumu anayenunua kwa kipimo. Kipato cha siku hununua chakula cha siku. Tena ukiangalia vizuri, duka la Mangi liko karibu na suluhisho kuliko supamaketi. Supamaketi mchele umeshafungwa kabla hujafika. Kwa Mangi sukari iko kwenye salfeti moja ya kilo 50 inayohudumia mtaa, na kifuko kinaingia katika hatua ya mwisho kabisa, kwa sababu umekwenda mikono mitupu. Zamani mtoto akitumwa mafuta alishikishwa chupa.

Kwa hiyo shika chombo. Kikwazo ninachokisikia mara nyingi ni mzani: mteja anahofia kupunjwa, muuzaji anahofia foleni. Dawa yake ni hii. Pima kopo lako tupu mara moja, kisha andika uzito wake kwenye kitako kwa kalamu isiyofutika. Mzani wa kidijitali unarudishwa sifuri kopo likiwa juu yake. Kwa mzani wa mawe, muuzaji anajumlisha namba aliyoiona. Chupa ya mafuta iwe kavu kabisa ndani, na isiwe iliyowahi kubeba dawa ya wadudu au rangi hata kama imeoshwa mara kumi. Maandazi yafungiwe kitambaa safi, si gazeti, kwa sababu wino wa gazeti haukutengenezwa kugusana na chakula.

Vipaketi vya kiwandani, vya nyanya, viungo na sabuni, ni vigumu zaidi. Vingi ni tabaka za plastiki na alumini zilizogandishwa pamoja, na hakuna namna rahisi ya kuzitenganisha. Halafu kuna hesabu ya umbo: ukigawa kifurushi kimoja katika vidogo vinane vya umbo lilelile, ganda linalohitajika huwa maradufu kwa bidhaa ileile. Kinachokaa bila kuharibika, kama sabuni na chumvi, nunueni kikubwa, hata kwa kuchangiana na jirani. Nyanya chukueni mbichi gengeni.

Kuhusu mfuko mbadala, ule unaofanana na kitambaa: nao ni plastiki. Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza uliotolewa 2011 ulionyesha kuwa, kwa upande wa hewa inayochangia joto la dunia, unapaswa kutumika angalau mara 11 ndipo ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Wa pamba, mara 131. Kununua mpya kila ukienda sokoni hakupunguzi kitu. Kikapu cha ukindu ambacho bibi amekitumia miaka hakina mpinzani.

Nyumbani kwangu makopo mawili na chupa moja vinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, kwa urefu ambao mtoto wa miaka saba anaufikia. Kopo la sukari lina gramu 112. Mangi ameshaikariri namba hiyo, haligeuzi tena.