Betri ya pili kwenye gari la kambi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Gari la kulala humo, liwe ni yale magari-nyumba ya Ulaya au Land Cruiser ya Arusha yenye hema juu ya paa, huwa na betri mbili. Ya kwanza inawasha injini. Ya pili inabeba maisha ya kambini: friji, taa, feni, chaji ya simu na kamera. Kazi yangu ni kuzifunga hizo za pili. Nyingi zinazorudi kwangu zimekufa kabla ya miaka miwili hazikuwa mbovu tangu dukani. Zimeuliwa na maneno ambayo watu wanaambiana kwa nia njema kabisa.

"Betri ni betri, mradi iwe ya volti 12." Sivyo. Betri ya stata, ile ya kuwasha injini, ina mabamba ya risasi membamba na mengi, ili itoe ampea mia kadhaa kwa sekunde chache tu, kisha alterneta, jenereta inayozungushwa na injini, iirudishie kile kidogo ilichotoa. Ile ya pili, ambayo madukani kwetu watu huiita betri ya sola, ina mabamba manene yanayovumilia kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Ukiifungia friji betri ya stata, wiki ya kwanza utaona mambo yako safi. Niliwahi kukata moja iliyotumika hivyo msimu mmoja: chini ya kisanduku kulikuwa na tope zito la kijivu, risasi iliyomomonyoka kutoka kwenye mabamba, limepanda hadi kuyagusa na kupiga shoti kwa ndani. Hapo hakuna chaja ya kuiponya.

"Imeandikwa 100Ah, basi zote mia ni zangu." Hili ndilo linaloumiza watu wengi zaidi, kwa hiyo tupige hesabu pamoja. Ah ni ampea-saa, yaani ampea mara saa. Betri ya risasi ukitaka ikae miaka, usiitumie kupita nusu. Mia inakuwa 50. Friji ndogo ya kompresa huvuta kama ampea 4 ikiunguruma, na kwenye joto inaweza kuunguruma nusu ya siku. Saa 12 mara 4 ni 48. Yaani friji peke yake, kwa siku moja, imemaliza fungu lako lote, na bado hujawasha taa. Taa za LED na simu ni vitu vidogo sana, na nasikitika nikiona familia inakaa gizani "kuokoa betri" wakati friji inafunguliwa kila dakika kumi kutafuta soda.

Inveta nayo ina uvumi wake. Watu huamini kwamba ikiandikwa wati 2000, basi umepata umeme wa nyumbani. Inveta haitengenezi umeme. Inabadilisha ule ulio kwenye betri, na njiani inakula kidogo. Birika la wati 1500 litaivuta betri ya volti 12 karibu ampea 140. Dakika tano za chai ni kama ampea-saa 12, robo ya ile nusu uliyoruhusiwa. Tena betri ya risasi ikivutwa kwa kasi hiyo hutoa pungufu ya kilichoandikwa, volti zinashuka, inveta inapiga kelele na kuzima maji yakiwa vuguvugu. Chemsha chai kwa gesi. Na kama huitumii inveta, izime, maana hata ikiwa haijachomekwa kitu inanyonya.

"Tukiendesha saa moja tu, itajaa." Laiti ingekuwa hivyo. Betri ya risasi hupokea haraka hadi kama asilimia 80, kisha inaanza kupokea polepole, na ile sehemu ya mwisho inataka saa kadhaa kwenye volti zipatazo 14.4. Gari la safari halina saa hizo. Linazimwa hapa kuangalia simba, linazimwa pale kuangalia tembo, na friji inaendelea. Ongeza waya mwembamba unaotoka kwenye boneti hadi nyuma ya gari: volti zinapotea njiani, waya unapata moto. Waya uwe mnene, fyuzi iwe karibu kabisa na betri, na katikati pawe na chaja inayopandisha volti. Betri isiyojazwa kabisa siku baada ya siku huota chumvi ngumu kwenye mabamba, na uwezo wake unapungua bila wewe kujua.

Sola inasaidia sana, lakini paneli ya wati 100 haikupi wati 100 kutwa. Jua letu ukilihesabu vizuri ni kama saa tano za nguvu kamili, halafu kuna vumbi, joto la paa, na kivuli cha mgunga ulioegesha chini yake kwa sababu ulitaka baridi. Tawi moja likifunika kona tu ya paneli, unaweza kupoteza sehemu kubwa ya umeme.

Kuiweka betri sakafuni penye simenti hakuinyonyi chaji. Visanduku vya siku hizi ni vya plastiki. Kuongeza asidi kwenye betri iliyochoka, hapana: kinachopungua ni maji, kwa hiyo ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, basi. Na lithiamu za magari haya, zile za fosfeti ya chuma, hazina tabia ya kuwaka moto kirahisi kama watu wanavyohofia. Ni nyepesi kwa nusu au zaidi, na unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi. Ila usiziunge moja kwa moja na alterneta. Huvuta kwa pupa hadi kuiunguza.

Na namba unayosoma wakati inachajiwa haikwambii kitu. Mita ikionyesha 13.8 hiyo ni volti ya chaja. Zima kila kitu, iache betri itulie saa chache, ndipo upime. Kwa betri ya risasi: 12.7 imejaa, 12.2 uko nusu, 12.0 umeshakula akiba. Ukikuta 11.8, usingoje kurudi mjini. Ichaji siku hiyo hiyo.