Je, Wajua Kwa Nini Marathoni ya Mwenye Ugonjwa wa Siliaki Huanzia Utumboni?

Mtu mwenye ugonjwa wa siliaki anaweza kukimbia kilomita zote 42.195 za marathoni na kumaliza salama, ingawa ugonjwa wenyewe hauna dawa ya kuuponya na humnyima mkate, tambi na biskuti, vyakula ambavyo wakimbiaji wengi huvitegemea siku za kuelekea mashindano. Anawezaje? Jibu linahusu utumbo kabla ya kuhusu miguu, kwa kuwa kila kinachomfikia msuli unaokimbia, kuanzia sukari hadi madini ya chuma, lazima kwanza kifyonzwe na utumbo.

Siliaki humpata takriban mtu 1 kati ya 100, na wengi wao hawajui kuwa wanao. Kinga ya mwili, inapokutana na gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, hugeuka na kuushambulia ukuta wa utumbo mwembamba. Ukuta huo umejaa vinyweleo vidogo mno ambavyo kazi yake ni kupanua eneo la kufyonzea chakula. Vikishambuliwa kwa muda mrefu husinyaa hadi ukuta ukabaki bapa, na chakula hata kiwe bora kiasi gani hupita bila kuchukuliwa chote. Aliyeuonyesha uhusiano huo na ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa ameishuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kisha njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 ikaipa nguvu hoja yake: mkate ulipoadimika watoto wagonjwa walipata nafuu, na uliporudi mezani hali zao zikaharibika tena. Hadi leo tiba inayotegemewa ni ile ile, kuacha gluteni maisha yote.

Kwa mkimbiaji, madhara makubwa zaidi ya utumbo ulioharibika huonekana katika damu. Madini ya chuma hufyonzwa hasa katika sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, ile inayopokea chakula kinapotoka tumboni, na kwa bahati mbaya hapo ndipo siliaki hupenda kuharibu zaidi. Bila chuma hakuna himoglobini ya kutosha, na bila himoglobini oksijeni haifiki misulini kwa kasi ambayo mbio ndefu zinaidai. Isitoshe, kukimbia kwenyewe kunapunguza chuma: kiasi kidogo hupotea kwa jasho, kingine kwa chembe za damu zinazopasuka kwa vishindo vya nyayo, na kwa saa kadhaa baada ya zoezi zito mwili huzalisha kwa wingi homoni inayozuia ufyonzaji wa madini hayo. Mkimbiaji mwenye siliaki isiyogunduliwa basi hupoteza chuma kama wenzake huku akishindwa kukirudisha, na wapo ambao upungufu wa damu usioisha kwa vidonge ndio dalili pekee waliyowahi kuwa nayo. Mifupa nayo huathirika, kwa kuwa kalisi na vitamini D havifyonzwi ipasavyo, na mfupa dhaifu chini ya mzigo wa kilomita nyingi kila wiki ni rahisi kupata ufa.

Habari njema ni kwamba vinyweleo hivyo huota upya gluteni inapoachwa kabisa. Huota polepole, hata hivyo; mgonjwa anaweza kujisikia vizuri ndani ya wiki chache, ilhali kwa mtu mzima ukuta wa utumbo unaweza kuhitaji mwaka mmoja, miwili au zaidi ili upone. Kwa maoni yangu, hili ndilo linalopuuzwa zaidi. Mtu aliyepata jibu la daktari mwezi huu, kisha akaanza mwezi huo huo mpango mkali wa mazoezi ya marathoni, anaujenga mwili juu ya akiba ambayo bado haijarudi. Vipimo vya himoglobini na vya akiba ya chuma vingepaswa kutangulia ratiba ya mazoezi.

Suala la nguvu za kukimbilia, ambalo watu wengi hudhani ndilo gumu zaidi, kwa kweli ni jepesi. Mwili huhifadhi wanga kama glaikojeni katika misuli na ini, akiba inayokadiriwa kutoa kilokalori 2,000 hivi, na mkimbiaji wa kilo 70 huhitaji karibu 3,000 kumaliza mbio. Ndiyo maana wengi huishiwa nguvu ghafla karibu na kilomita ya 30, na ndiyo maana hushauriwa kula gramu 10 hadi 12 za wanga kwa kila kilo ya uzito kwa siku, katika siku moja au mbili za mwisho. Wanga huo si lazima utoke kwenye ngano. Mchele, mahindi, viazi, muhogo na ndizi havina gluteni kwa asili, na misuli haiulizi glukosi imetoka wapi.

Ugumu halisi umo katika kiasi kidogo kisichoonekana. Kwa viwango vya kimataifa, chakula huitwa kisicho na gluteni kikiwa na isiyozidi miligramu 20 kwa kila kilo. Miligramu 50 kwa siku, zikiliwa kwa wiki kadhaa, zimeonekana kuuharibu utumbo, na kiasi hicho ni makombo tu ya mkate. Wali uliopakuliwa kwa kijiko kilichotoka kwenye tambi, au viazi vilivyokaangwa katika mafuta ya maandazi, vinaweza kutosha kumletea mgonjwa kutapika na kuharisha saa chache baadaye, na anayeharisha usiku wa kuamkia mashindano hufika kwenye mstari wa kuanzia akiwa amepungukiwa maji na chumvi. Chakula cha jioni cha pamoja na wakimbiaji wengine, kizuri kwa mazungumzo, ndicho cha kuogopwa kuliko vyote. Aliye makini hujipikia mwenyewe.

Barabarani hali hubadilika tena. Wakati wa mbio ngumu damu nyingi huelekezwa misulini na kwenye ngozi, utumbo ukabaki na kidogo, na hata mkimbiaji asiye na ugonjwa wowote huweza kuumwa tumbo. Mwenye siliaki hana sababu ya kuongeza hatari nyingine kwa kupokea vipande vya biskuti kutoka mikono ya watoa huduma. Hubeba jeli zake za wanga, zilizofungwa, alizokwisha kuzijaribu mazoezini kwa kipimo cha gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Katika orodha ya viambato vyake, neno la kutafuta ni kimea cha shayiri. Maltodekstrini, aina ya wanga inayowatisha wengi, kwa kawaida haina tatizo hata ikitokana na ngano, kwa sababu utengenezaji wake huondoa karibu protini yote.

Wapo pia wakimbiaji wanaoacha gluteni bila kuwa na ugonjwa huu, wakiamini wataongeza kasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kwa waendesha baiskeli 13 wa mashindano wasio na siliaki haukuona tofauti yoyote ya uwezo. Kwa anayejishuku kuwa mgonjwa, kujiachisha mapema kuna hasara zaidi: kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo hupungua gluteni inapoondoka, na kipande kidogo kinachochukuliwa utumboni kwa uchunguzi huweza kuonekana kizima. Daktari basi hulazimika kumrudisha kwenye gluteni kwa wiki kadhaa kabla ya kumpima, wiki za kuumwa ambazo ni heri zipangwe katika msimu usio na mashindano.