Je, wajua kwa nini kondo la nyuma hukwama baada ya mtoto kuzaliwa?

Mtoto akishalia, ndugu waliokaa nje ya chumba cha kujifungulia huona kwamba shughuli imekwisha, lakini mkunga huwa bado ana kazi, na pengine ndiyo kazi yenye hatari kuliko zote zilizotangulia. Kondo la nyuma, lenye uzito wa takriban nusu kilo, bado limo ndani. Mama akichomwa sindano ya oksitosini, dawa inayoukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10, ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, kondo kwa kawaida hufuata baada ya dakika chache. Ikipita nusu saa halijatoka, huhesabiwa kuwa limekwama. Pale ambapo hakuna dawa iliyotolewa, mama asipovuja damu, husubiriwa hadi saa moja.

Watu wengi hudhani kwamba kondo linalokwama limeota na kushikana mno na mwili wa mama. Hali hiyo ipo, lakini ni nadra. Mara nyingi tatizo haliko kwenye kondo lenyewe bali kwenye msuli ulio nyuma yake. Baada ya mtoto kutoka, mfuko wa uzazi hujikaza na kusinyaa, ilhali kondo haliwezi kusinyaa pamoja nao. Hivyo hubanduka, kama karatasi iliyogundishwa juu ya puto linalotolewa upepo. Uchunguzi wa altrasaundi umeonyesha kwamba sehemu ya msuli iliyobeba kondo ndiyo huwa ya mwisho kukaza, na isipokaza, kondo hubaki limeshika hata kama sehemu nyingine zote za mfuko zimekuwa ngumu. Wakati mwingine kondo huwa limekwisha kubanduka, ila mlango wa mfuko wa uzazi umejifunga kabla halijapita. Kibofu kilichojaa mkojo nacho huweza kulizuia, na ndiyo maana mkunga huanza kwa kumsaidia mama akojoe au kumwekea mpira wa mkojo.

Hatari kubwa ni damu. Mimba inapokomaa, mfuko wa uzazi hupokea damu inayofikia nusu lita au zaidi kila dakika, na kinachoifunga mishipa inayoileta damu hiyo baada ya kujifungua ni ule ule msuli, ambao nyuzi zake huibana mishipa kutoka kila upande. Kondo lililobanduka nusu na kubaki nusu huuzuia msuli usijifunge, huku mishipa iliyokwisha kufunguka ikiendelea kumwaga damu. Katika hali hiyo haifai kabisa kuivuta kwa nguvu kamba ya kitovu, ile iliyomuunganisha mtoto na kondo, maana huweza kukatika au, vibaya zaidi, kuugeuza mfuko wa uzazi ndani nje. Kumwambia mama apulize chupa au ajitapishe, kama ilivyozoeleka katika baadhi ya jamii, hakuukazi msuli huo. Kunapoteza dakika ambazo mama anazihitaji mno.

Hospitalini mama huwekewa dripu, damu yake hupimwa kundi, na huweza kuongezewa oksitosini huku mkunga akivuta kamba ya kitovu taratibu, mkono wake mwingine ukiuzuia mfuko juu ya kinena. Ergometrini, dawa nyingine ya kukaza mfuko wa uzazi, huepukwa, kwa kuwa hukaza mfuko wote kwa muda mrefu na huweza kuchelewesha kondo kutoka. Palikuwa na matumaini kwamba oksitosini ikipitishwa kwenye mshipa wa kamba ya kitovu ingeufikia moja kwa moja msuli uliolegea, lakini utafiti uliofanyika Uingereza, Uganda na Pakistan kwa wanawake 577, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba dawa hiyo haikupunguza idadi ya waliohitaji kutolewa kondo kwa mkono.

Kondo linapotolewa kwa mkono, mama hupewa kwanza ganzi ya mgongo, dawa ya usingizi ya ketamini au dawa kali ya maumivu, pamoja na dozi moja ya antibiotiki. Mtoa huduma, akiwa amevaa glavu ndefu zilizotakaswa, huifuata kamba ya kitovu kwa mkono mmoja hadi kwenye kondo, akatafuta ukingo wake, kisha akalibandua pole pole kwa ubavu wa kiganja, huku mkono wa pili ukiushikilia mfuko kutoka juu ya tumbo. Kondo likikataa kubanduka kabisa halilazimishwi, kwa sababu huenda limezama ndani ya msuli, jambo linalowapata zaidi wanawake waliowahi kujifungua kwa upasuaji. Hao huhitaji daktari wa upasuaji na damu ya kutosha.

Baadaye kondo huoshwa na kukaguliwa kipande kwa kipande pamoja na utando wake, kwani hata kipande kidogo kikibaki huweza kuleta damu au homa siku kadhaa baadaye. Mama aliyerudi nyumbani akaona homa, uchafu wenye harufu mbaya au damu inayoongezeka badala ya kupungua, arudi kituoni siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa aliyewahi kukwama kondo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukwama tena, ni haki yake jambo hilo liandikwe kwenye kadi yake, na mimba ijayo ajifungulie mahali penye chumba cha upasuaji na damu ya akiba.