Kilomita Elfu Sitini Umezisoma Wapi?

"Fundi, nimepata injini Kariakoo, ya Japani, imetembea kilomita elfu sitini tu. We njoo uifunge." Haya maneno nimeyasikia mpaka nimechoka. Bosi wangu, hizo kilomita umezisoma wapi? Injini iliyolazwa sakafuni juu ya tairi kuukuu haina mita. Mita ipo kwenye dashibodi, na dashibodi ilibaki na gari lake Japani. Ulichopewa ni maneno ya muuzaji, na yeye mwenyewe aliikuta kwenye kontena imerundikwa na wenzake.

Sisemi injini za mtumba ni mbaya. Nazifunga kila siku. Kwa mwenye IST au Probox iliyonoki, yaani injini imekufa, 1NZ (injini ya Toyota ya gari hizo) ya mtumba mara nyingi inashinda oveholi kamili: ukichonga krenkishafti, ukanunua beringi, pistoni na ringi za kueleweka, ukamlipa na fundi wa mashine, hela imeshafika ya injini nzima. Oveholi ya bei chee ipo, ile ya kutia ringi mpya kwenye silinda zilizokwisha kulika. Hiyo usiniletee.

Ila kwanza hakikisha imekufa kweli. Gari kuchemsha si injini kufa. Mara nyingi ni gasketi ya hedi: hedi inapimwa, inachongwa ikiwa imepinda, maisha yanaendelea. Ikiwa inagonga chini na oili inameremeta vumbi la chuma, basi twende dukani.

Ukifika, achana na stori za kilomita. Fungua kifuniko cha oili, mulika tochi. Rangi ya kahawia hafifu, heri. Weusi mzito kama lami, mwenyewe hakuwa anabadilisha oili, ondoka. Halafu mwambie muuzaji afunge stata na betri upime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Atanuna, mwache anune. Toyota wanataka tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo moja kwa sentimita mraba, lakini kipimo chao ni cha injini ya moto, na hii ni baridi, imelala miezi. Kwa hiyo mimi naangalia usawa kuliko ukubwa wa namba. Silinda moja ikibaki chini, dondoshea oili kidogo kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, shuku valvu.

Na hapa niseme ukweli ambao mafundi hatupendi kumwambia mteja: kompresheni nzuri haikuhakikishii kwamba injini haili oili. Ringi za oili zikikwama, geji haioni kitu. 1ZZ, injini nyingine ya Toyota, zile za miaka ya mwanzo zina ugonjwa huo toka kiwandani, kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo na yanaziba. Ukitoa 1ZZ inayokula oili ukafunga nyingine ya umri uleule, umecheza kamari, na mimi nimecheza pamoja na wewe.

Halafu hili la "1NZ zote ni moja". Si moja. Kuna zinazovutwa kwa waya wa aksileta na kuna zinazofunguliwa kwa umeme, na kontroli boksi yako, ile kompyuta ya injini, inaijua ya aina moja tu. Ndiyo maana injini ya zamani huiuzi kwa watu wa chuma chakavu mpaka mpya iwake na itembee. Manifoldi, sensa na waya zake huenda tukazihitaji.

Injini ikiwa bado chini, badilisha oili sili ya nyuma, plagi, thamostati na pampu ya maji. Sili ni hela ndogo. Kushusha giaboksi mara ya pili kwa ajili yake siyo. Na rejeta! Mtu anakuja na injini safi halafu anataka irudishiwe rejeta ileile iliyoziba kutu za maji ya bomba, ile iliyoua ya kwanza. Nikimwambia, anasema namtafutia gharama.

Kabla hujalipa, risiti iandikwe namba ya injini, pamoja na siku ulizopewa za kuirudisha ikisumbua. Namba hiyo utaihitaji pia TRA, maana ya zamani ndiyo iliyomo kwenye kadi ya gari.