Mikroplastiki: plastiki haiozi, inasagika

Nikilima bustani nyuma ya nyumba hapa Iringa, jembe haliachi kuibua viriba. Ni ile mifuko myeusi ya kuoteshea miche, iliyobaki ardhini tangu miparachichi ipandwe. Nikikivuta kiriba kimoja, hakitoki kizima. Kinakatika vidoleni, vipande vidogo vidogo kama majani makavu ya chai, na vingine vinadondoka na kupotea kwenye udongo nikiviangalia. Jirani akiona huniambia, "Achana nacho, kinaoza hicho."

Hakiozi, na hapo ndipo ilipo maana ya neno mikroplastiki.

Kuoza ni kuliwa. Ganda la ndizi likitupwa shambani, bakteria na kuvu hulila hadi likawa udongo. Plastiki tulizozoea zimetokana na mafuta ya petroli na gesi, na molekuli zake zimeungana kwa minyororo mirefu ambayo vijidudu hao karibu hawaiwezi. Kinachoiweza kidogo ni jua. Mionzi ya urujuanimno hukata minyororo hiyo, plastiki inapauka, inakakamaa, inapasuka. Huku kwetu nyanda za juu mionzi hiyo ni mikali kuliko pwani, maana hewa ya kuichuja ni pungufu, ndiyo maana ndoo iliyosahaulika uani haikawii kupasuka. Lakini plastiki iliyopasuka ni plastiki ileile, imeongezeka idadi tu. Kipande kikifika chini ya milimita 5, wanasayansi wanakiita mikroplastiki. Jina hilo lilienea baada ya mwaka 2004, mtafiti wa bahari wa Uingereza, Richard Thompson, na wenzake walipolitumia kueleza chembe walizozikuta kwenye mchanga wa fukwe na majini.

Si lazima zianze na kiriba au chupa. Sweta la mitumba la poliesta, lile linalotuokoa na baridi ya Julai, huachia nyuzi kila linapofuliwa. Matairi nayo huacha vumbi lake barabarani, na mvua ikinyesha vyote huteremka mtoni. Ruaha Mdogo unapita Ipogolo, unakwenda kuungana na Ruaha Mkuu na kuingia bwawa la Mtera, na samaki wa Mtera wanarudi kuuzwa kwetu. Sina kipimo cha samaki hao, ila wa Ziwa Victoria walishapimwa. Watafiti walinunua sangara na sato sokoni Mwanza, wakachapisha matokeo mwaka 2016: katika kila samaki watano, mmoja alithibitika kuwa na plastiki tumboni.

Kabla plastiki haijasagika, mnyama wa kwanza kuumia ni ng'ombe. Mbuzi huchagua kwa midomo, ng'ombe huzoa kwa ulimi na kumeza, kisha ndipo anacheua. Mfuko uliobeba maganda au chumvi unapita pamoja na chakula na kukwama kwenye tumbo la kwanza. Hausagiki humo, hautoki, na unaofuata unajifunga juu yake mpaka linakuwa donge. Ng'ombe anapunguza kula, maziwa yanapungua, tumbo linavimba, na mfugaji anahangaika na dawa ya minyoo. Donge linakuja kuonekana siku ya kuchinja. Inaniuma kila nikifikiri ni ada ya mtoto iliyopotea kwa mfuko wa bure.

Kwa binadamu, chembe hizi zimekutwa kwenye kondo la nyuma, kwenye utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2021, na kwenye damu, utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2022. Mwaka 2024 madaktari wa Italia walichapisha matokeo ya kufuatilia wagonjwa 257 waliosafishwa mafuta kwenye mishipa ya shingo. Waliokutwa na plastiki ndani ya mafuta hayo walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo kwa kiwango cha zaidi ya mara nne ya wenzao. Hilo peke yake halithibitishi kwamba plastiki ndiyo iliyowaua, lakini kwangu linatosha kuacha kulichukulia jambo hili kuwa la baharini na la wazungu.

Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na mitaro yetu ilipumua. Vifungashio vya bidhaa, chupa na viriba vilibaki, kwa hiyo kazi ya marufuku ile ni nusu.

Kuna plastiki nyingine tunayoivuta wenyewe puani. Asubuhi ya baridi mkaa una unyevu, mama anachana kipande cha mfuko, anakiwasha, matone ya moto yanadondokea mkaani na jiko linashika upesi. Moshi ule mweusi una masizi laini yanayofika ndani kabisa ya mapafu, na mtoto wa mgongoni anavuta pamoja naye. Ikiwa ni plastiki ya mabomba au ganda la waya, kunaongezeka dioksini, sumu inayohusishwa na saratani. Nyumbani tumehamia magunzi. Mahindi yakipukuchuliwa tunaanika magunzi juani, tunayahifadhi kwenye gunia jikoni, na asubuhi magunzi mawili yakiwekwa chini ya mkaa yanashika kwa kijiti kimoja cha kiberiti.